Mama Aliyesajiliwa Kuwa Duka

Jumuiya ya wenye maduka ya mji wetu ilinituma Kaributena nikajifunze jambo moja tu: namna ya kumfanya mteja arudi. Nilichaguliwa mimi kwa sababu nauza sufuria, na mtu akishanunua sufuria nzuri hana haja na mimi tena mpaka aoze mtoto. Wenzangu waliona kwamba kama mimi nitaweza kurudisha watu, basi kila mmoja wetu ataweza. Nilikaa huko msimu mzima na ziada, nikarudi, nikatoa ripoti. Ilikuwa fupi na waliipenda, hasa sehemu ya kengele. Haya ninayoandika hapa ni yale ambayo hayakuingia kwenye ripoti, kwa kuwa hayamfai mtu anayefungua duka asubuhi.

Safari yenyewe siielezi. Nilifika, na hilo latosha.

Kaributena kila mkazi huvaa simu kifuani, imefungwa kwa uzi shingoni, kioo kikitazama nje. Mgeni naye hupewa yake mpakani. Yangu ilinijua jina kabla sijanywa maji. Ilijua pia kwamba nilikuwa nimemtazama mara mbili muuza mihogo ya kukaanga, maana ilinong'ona, "Mpendwa, mihogo inakuulizia." Nilicheka. Wenyeji waliokuwa karibu nami hawakucheka, wakanitazama kama mtu aliyechekea msibani.

Huko kila jambo jema hulipwa punje. Punje haishikiki mkononi. Huonekana ndani ya simu tu, vidoti vya njano vikidondokea kwenye kibuyu kilichochorwa, na sauti yake ni kama mtama unaomwagika kwenye bati. Ukinunua sabuni, zinadondoka. Ukimwambia jirani kwamba sabuni ile ni nzuri, zinadondoka. Ukiitazama picha ya sabuni bila kuondoa macho mpaka iishe, zinadondoka tena. Kibuyu kikijaa, mtu hupanda daraja: kutoka Mgeni anakuwa Mzoefu, kutoka Mzoefu anakuwa Mpenzi, na wachache hufika kuwa Kipenzi cha Daima. Kwa punje unaweza kupata ndoo au mwavuli, ila wengi huzitumia kununua haki ya kukusanya punje nyingine kwa haraka zaidi. Niliwauliza watu kadhaa mwisho wake ni nini. Hawakunielewa, nami baada ya muda nikaacha kuuliza.

Wana sheria waiitayo Sheria ya Mikono Mitupu. Muuzaji haruhusiwi kumwacha mnunuzi aondoke bila kitu cha kumvuta arudi. Nilihudhuria kesi ya fundi viatu aliyeshtakiwa kwa kushona kiatu kikashoneka. Mwendesha mashtaka alieleza kwa huzuni kwamba kiatu hakijarudi kwa fundi, na mwenye kiatu naye hajarudi. Fundi alijitetea kwamba alimtakia mteja wake siku njema. Hakimu akamuuliza kama siku njema ina kibuyu. Fundi akahukumiwa kushona kwa uzi dhaifu mpaka atakapojirekebisha.

Mambo makubwa huamuliwa na Baraza la Vivutio. Siku niliyoruhusiwa kuingia walikuwa wanajadili salamu. Watu walikuwa wameacha kuamkiana, na mjumbe mmoja akataka salamu iwe na punje. Mwingine akasimama kuuliza zitakwenda kwa nani, kwa anayeamkia au kwa anayeitikia. Walibishana mpaka chai ikaletwa, wakabishana na chai, hatimaye wakaamua wapewe wote wawili. Tangu siku hiyo nikawa nakutana na wazee wazima wakizunguka mtaa uleule asubuhi nzima, wakiamkiana, wakipishana, wakigeuka kona na kurudi kuamkiana tena. Baraza lilipokea takwimu za salamu kwa makofi.

Mwenyeji wangu serikalini alikuwa Bwana Pazi, Mwitaji wa Wilaya. Kazi yake ilikuwa kuwaita waliopotea. Ukiacha kwenda kwa kinyozi wako, simu yako huanza kulalamika kwa sauti ya huruma, "Mpendwa, tumekukumbuka. Tumekukosea nini?" Maneno hayo huandikwa na vijana waliochaguliwa kwa ulaini wa kalamu, na ofisi yao ni kubwa kuliko hospitali ya nchi. Bwana Pazi alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya kubembeleza hata anapoagiza maji. Sina ubaya naye. Aliamini kazi yake kama mkunga anavyoamini ya kwake.

Nilipangishwa chumba kwa Bi Mashavu, mjane wa fundi saa, nyuma ya soko la ndizi. Mwanamke mwenye maneno. Siku ya kwanza alitazama mizigo yangu akaniita Bwana Sufuria, na jina likaniganda. Baridi yabisi ilikuwa imemkakamaza vidole, hata kifungo cha gauni kilimshinda, lakini mdomo haukuwa na ugonjwa wowote.

Alikuwa na watoto wawili. Binti, Tausi, alifanya kazi katika ile ofisi ya kuandika wito, na kila Ijumaa alasiri alikuja kumsuka mama yake. Bi Mashavu aliketi kwenye kigoda uani, Tausi nyuma yake na chanuo na chupa ya mafuta, akimsuka mistari midogo midogo ambayo ilichukua alasiri yote.

"Unanivuta kama unang'oa mihogo," mama alisema.

"Mama, kichwa chako ndicho kigumu. Tulia basi."

"Mikono hiyo umerithi kwa baba yako."

"Mlaumu yeye."

"Nitamlaumia wapi, na ameshanikimbia?"

Wakacheka, na mimi barazani nikacheka nao. Katika Kaributena nzima ile ndiyo saa pekee ambayo sikusikia sauti ya mtama kwenye bati. Simu ya Tausi ilining'inia kifuani imenyamaza, naye wala hakuonekana kukumbuka kwamba ameivaa. Niliulizia kama kumsuka mama kuna punje. Nikaambiwa hakuna, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuomba.

Mtoto wa pili alikuwa mkubwa, Sudi. Aliishi mjini humohumo, mwendo usiomchosha mtu mwenye afya, lakini tangu walipomzika baba yake hakukanyaga kwa mama. Si mtu mbaya. Alikuwa Kipenzi cha Daima katika maduka mengi, na kila saa duka moja lilikuwa linamlilia. Bi Mashavu alipompigia alijibu kwa adabu kabisa, "Mama, nikipata nafasi nitakuja." Nafasi haikupatikana.

"Sitaki kitu chake," Bi Mashavu aliniambia. "Nataka aketi pale, nimwone anavyokula. Macho yangu haya hayatakaa hivi siku zote. Nisipomwona sasa, nitakuja kumsikia tu."

Hilo ndilo alilolitaka, na lilimla usiku na mchana. Akawa anatazama kinyozi akimwita mwanawe, muuza viatu akimwita mwanawe, na wote wakimpata. Siku moja Bwana Pazi alipokuja kunijulia hali, Bi Mashavu akamwekea chai mbele na kumuuliza bila kuzunguka:

"Bwana Pazi, mtu akitaka kumwita mwanawe kama nyie mnavyowaita, afanye nini?"

"Asajiliwe, mama. Asiyesajiliwa hana ruhusa ya kutoa wito wala punje."

"Nisajiliwe kama nani?"

"Kama duka."

Tausi alikuwepo. Aliacha kusuka, chanuo mkononi. "Mama, mimi si nakuja?"

"Wewe unakuja," mama yake alijibu. "Wewe najua utakuja."

Maombi yakafika mbele ya Baraza, na nilikwenda kusikiliza. Swali la kwanza lilikuwa mama huyu anauza nini. Bi Mashavu alisimama, akasema hauzi kitu, anataka mwanawe aje. Mjumbe mmoja kijana akasema kwa furaha kwamba hapo hakuna tatizo, kuja kwenyewe ndiko bidhaa. Mwanamke mtu mzima wa upande wa pili akapinga. Alisema mama mmoja akianza kutoa punje, watoto wa akina mama wengine wataliona hilo, na akina mama wasio na punje watakimbiwa. Nikadhani sasa Baraza limeguswa. Liliguswa kweli, likaunda kamati ya kuchunguza ushindani usio wa haki baina ya akina mama, na kamati ikapendekeza kila mama apewe nafasi ya kusajiliwa. Bi Mashavu akawa wa kwanza. Sharti lilikuwa moja: duka halibagui. Punje anazopewa mtoto mmoja lazima apewe na mwingine.

Tulipotoka nje nilimvuta Bwana Pazi pembeni. "Na huyu binti anayekuja mwenyewe siku zote? Mnampa malipo ya nini?"

"Huyo ndiye anayenitia wasiwasi," alisema, na nadhani alisema kweli. "Mtu anayekuja bila kivutio hujui anakuja kwa nini. Na kitu usichojua sababu yake huwezi kukiongeza."

"Lakini hakuna aliyetaka kumwongeza."

"Basi utamlinda vipi asipungue?"

Mimi ni muuza sufuria, na mambo ninayoyajua yanapimwa kwa lita. Nilihisi tu kwamba kuna kitu kimewekwa mahali si pake.

Wakaja mafundi wakafunga kengele mlangoni. Ililia mara moja mtu akiingia, ikalia mara ya pili akishakaa muda wa kutosha, na hapo punje zikadondoka. Muda wa kutosha ulipimwa na Bwana Pazi mwenyewe: muda wa kunywa chai ambayo si ya moto sana. Wito ukaandikwa, ukatumwa kwa Sudi: "Mpendwa, mama yako amekukumbuka. Tembelea leo ujipatie."

Sudi alikuja Ijumaa hiyohiyo.

Niseme nilichokiona. Bi Mashavu aliposikia kengele aliinuka haraka hata kigoda kikaanguka. Kijana akasimama mlangoni, mrefu, amenenepa kidogo, akainama akampa mama yake mkono. Akaketi pale pale mama alipokuwa akipataka. Akala wali wa nazi na samaki, akaongeza, na Bi Mashavu akasimama mbele yake bila kukaa, machozi yakimtoka, akifuta kwa mgongo wa mkono kwa sababu vidole havikunjiki. Kengele ya pili ikalia, punje zikadondoka kifuani kwa Sudi, naye akatabasamu. Mama akadhani tabasamu ni lake. Mimi nilifurahi pia, sikatai. Ukiona mtu amepata kilichomnyima usingizi, hukai ukaanza kuuliza kimepatikanaje.

Tausi alikuwa uani akimsubiri mama aje asukwe. Kengele ile ilipolia, simu yake nayo ikamwaga punje. Alishtuka, akaangusha chanuo.

"Kumbe na mimi!" alicheka. "Mama, mimi usinitie humo."

"Ndiyo sheria, mwanangu. Chukua tu, zitakudhuru nini?"

Tausi akainama kuokota chanuo. Alipoinuka alikitazama kibuyu chake kifuani kwa nukta moja hivi, kama mtu anayejitazama kwenye dirisha la duka anapopita.

Wiki zilizofuata nyumba ilichangamka. Ijumaa wote wawili walikuwepo, na Bi Mashavu alipika tangu asubuhi, akiniagiza mimi ndizi na nazi sokoni. Sudi alikaa mpaka kengele ya pili, akanawa, akaaga. Tausi alibaki akisuka. Halafu siku moja alisuka akamaliza mapema. Nilipotazama niliona kwamba ile mistari midogo hakuisuka, amesuka twende kilioni, mistari minene ya haraka inayokwenda nyuma yote pamoja. Bi Mashavu alipapasa kichwa akasema imetulia vizuri. Ijumaa nyingine Tausi aligundua kwamba akitoka nje na kuingia tena kengele huanza upya, basi akawa anatoka kununua kitu kidogo, chumvi au kiberiti, akarudi, akaketi akisubiri mlio. Katikati ya kutoka na kuingia, kichwa kikabaki nusu. Baadaye chanuo kikabaki ndani kabisa.

Bi Mashavu hakulalamika. Macho yake yalikuwa kwa Sudi. Alijifunga kitambaa kichwani, na ndani ya kitambaa nywele zikawa zinajisokota zenyewe.

Hatimaye msimu wa ufunguzi ukaisha. Punje za duka jipya hutolewa na Baraza, lakini kwa msimu mmoja tu. Baada ya hapo mwenye duka hujitegemea. Bwana Pazi alikuja mwenyewe kutoa habari, akashauri kwa moyo mwema kwamba wakati wa mpito wateja hushikiliwa kwa mchezo wasiondoke. Akaleta gurudumu la bahati, la mbao, lenye rangi, likawekwa mezani. Mtoto akiingia alilizungusha kwanza, ndipo akamwamkia mama yake. Sudi alishinda mwavuli. Tausi alishinda ndoo. Kisha gurudumu nalo likarudishwa ofisini, kwa kuwa kulikuwa na mama mwingine kwenye foleni.

Ijumaa iliyofuata Sudi hakuja. Hilo tulilitarajia sote, hata yeye Bi Mashavu. Alisema, "Nilimwona anavyokula. Nimeshiba." Akafunua kitambaa, akatoa kigoda uani, akaweka chanuo na chupa ya mafuta chini, akaketi akimsubiri Tausi.

Tausi hakuja. Tulisema ni mvua. Ijumaa nyingine tukasema ni kazi. Ya tatu hatukusema kitu. Kila mara kigoda kilitolewa, na jua lilipoondoka uani nilikirudisha mimi ndani, maana yeye hakukigusa.

"Sudi simlilii," aliniambia. "Sudi namjua. Ameletwa na punje, amekwenda na punje, yeye na mimi tumemalizana. Lakini huyu, Bwana Sufuria, huyu nilimlisha punje mimi mwenyewe. Alikuwa haziombi. Nilimtaka mwenzake, nikamharibu yeye."

Sikuweza kumwambia kwamba sivyo. Niliona uchungu kuliko ninavyoona kwa mambo ya watu, na nilikuwa nimekasirika, sijui na nani. Asubuhi yake nikaenda kwenye ofisi ya wito.

Tausi alikuwa kwenye meza ya dirishani, akiandika kwa niaba ya mgahawa fulani: "Mpendwa, kiti chako bado ki wazi. Hatumkalishi mwingine." Aliandika vizuri sana. Hata mimi, nisiyekijua kiti hicho, nilitamani kukikalia.

"Shikamoo, mjomba," alisema, akasimama haraka. "Mama mzima?"

"Mzima. Hajasukwa."

Akaketi tena. Akachezea uzi wa simu shingoni.

"Mjomba, mimi mwenyewe najishangaa," alisema. "Ijumaa ikifika najiambia, haya, inuka uende. Nafika hata mlangoni mwangu. Halafu naona kama nakwenda bure. Zamani nilikuwa nakwenda na sioni bure. Nilikuwa naona nini? Nikijaribu kukumbuka nashindwa."

"Ulikuwa unamcheka baba yako."

"Nakumbuka tulicheka. Sikumbuki utamu wake." Machozi yakamlengalenga, akayafuta kabla wenzake hawajaona. Na ninaamini machozi yale, maana hayakuwa na punje. "Ijumaa hii nitakuja. Usimwambie. Nataka aone nimekuja mwenyewe."

Sikumwambia. Ijumaa alasiri mlango ukafunguliwa bila mlio wowote, kwa sababu kengele ilikuwa imeshang'olewa, na Tausi akaingia. Bi Mashavu hakuinuka safari hii. Alifungua kitambaa tu, akainamisha kichwa.

Nywele zilikuwa zimeshikana vibaya. Tausi alizipaka mafuta, akazichambua, akaanza kusuka mistari midogo midogo kama ya zamani. Mikono haikusahau. Bi Mashavu aliacha mistari kadhaa ipite, halafu akajaribu:

"Unanivuta kama unang'oa mihogo."

"Samahani, mama," Tausi alisema, akalegeza mkono. Alisema kwa heshima, kama anavyojibiwa mteja. Bi Mashavu alisubiri lile jingine, la kichwa kigumu. Halikuja. Wakaendelea kimya, na kila baada ya muda macho ya Tausi yalishuka kifuani kwake, yakakiona kibuyu kilivyotulia, yakarudi kazini. Hakufanya makusudi. Alisuka mpaka mwisho, akafunga, akafuta mafuta shingoni kwa mama yake. Kazi ilikuwa nzuri, tena safi kuliko alizowahi kuzifanya.

Akasimama. Alipaswa kuaga, lakini hakuaga. Alisimama tu, akimtazama mama yake, kisha mlango, kisha mama yake.

"Leo nimekuja bila kitu, mama," alisema. "Umeona?"

"Nimeona, mwanangu."

"Nimekaa mpaka mwisho."

"Nimeona. Ahsante."

Bado hakuondoka. Uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja chenji na anaona haya kuidai. Mimi nilitazama chini. Bi Mashavu alitazama huku na huku uani, kwenye kigoda, kwenye ndoo, kwenye mikono yake mwenyewe. Mikononi alivaa bangili mbili za fedha, moja kila mkono, alizovalishwa na mama yake siku ya harusi. Ile ya kushoto ilikuwa imelegea. Akaivua, akamtilia Tausi kiganjani na kumkunja vidole juu yake.

Tausi hakuuliza ya nini. Uso ulimfunguka wote, akamkumbatia mama yake, akamwita mama yangu mzuri, akamtania kwamba kichwa chake ni kigumu kama kinu. Bi Mashavu akacheka kwa sauti. Binti akaenda zake akiizungusha bangili mkononi, nasi tukamsikia akiimba mpaka kona.

"Amefurahi," Bi Mashavu aliniambia.

"Amefurahi, Bi Mashavu."

"Umemsikia alivyonitania? Kama zamani." Alinitazama apate kuona kama nami nimesikia hivyo. Nikamwambia nimesikia.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa nafunga mizigo yangu, maana msimu wangu nao ulikuwa umekwisha. Tausi alikuja mapema kuliko siku zote, kabla hata kigoda hakijatolewa. Alikitoa yeye, akamketisha mama yake, akaweka chanuo na chupa ya mafuta pembeni, akasimama mbele yake badala ya nyuma. Alikuwa anatazama mkono wa kulia wa mama yake, wenye bangili iliyobaki.

Bi Mashavu alielewa. Akaanza kuivua, lakini mkono ule ulikuwa umevimba kwenye kifundo na bangili ikagoma. Tausi akapiga magoti, akafungua chupa ya mafuta ya nywele, akammiminia mama yake mkononi, akasugua taratibu, kwa upole mwingi, akiizungusha ipate kuteleza. Mafuta yakachuruzika mpaka kwenye kiwiko, yakadondoka chini, chupa ikaisha.

"Polepole, mwanangu," Bi Mashavu alisema. "Hiyo ndiyo ya mwisho."